Vilima Saba vya Ngong, na Vingine Nilivyovipita Haraka

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikianika nguo kwenye roshani ya ghorofa ya nne, katika mtaa mmoja wa Lang'ata, huku vilima vya Ngong vikiwa mbele yangu kama ngumi iliyolazwa juu ya meza, vifundo vinne vikitokeza. Niliviona asubuhi vikiwa vya kijani kabla sijaenda kazini, niliviona jioni vikigeuka buluu na kisha vyeusi, na katika muda huo wote halikunipitia wazo kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kuamka Jumamosi, akapanda matatu, akaenda kutembea juu yake ilhali hana shamba huko wala mgonjwa wa kumjulia hali. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwetu sisi mlima ni kitu cha kutazamwa kwa mbali, tena kupitia dirisha la basi linalopita Voi.

Aliyenitoa nyumbani ni mwenzangu wa ofisini, mhasibu kama mimi, ambaye alikuwa amechoka kunisikia nikilalamikia mgongo kila ifikapo saa tisa alasiri. Jumapili moja ya Januari alinipitia mapema na kunipeleka kwenye msitu wa Karura, kwa lango la barabara ya Limuru, nami nikashuka garini nikiwa na viatu vya kitambaa vyenye soli bapa, mkoba wa begani na chupa ya maji ya nusu lita. Hakunicheka. Alinitazama miguuni, akasema tu, "Basi leo tutakwenda polepole, dada."

Karura ni msitu wa hekta 1,041 uliomo ndani ya jiji, si kando yake, na hilo ndilo lililonishangaza kwanza: kwamba dakika kumi baada ya kuacha honi za matatu nilikuwa nikisikia kima wakirukiana juu ya kichwa changu na maji yakitiririka mahali nisipopaona. Njia zake ni pana, nyingi hazina mwinuko wa kutisha, na zinamfikisha mtu kwenye maporomoko ya maji yenye kimo cha mita zipatazo 15 na kwenye mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha ndani yake. Mwenye bahati huwaona mbega, wale weusi wenye joho jeupe, ambao walirudishwa msituni humo baada ya kutoweka kwa miaka mingi. Mimi siku hiyo sikuwaona, maana macho yangu yalikuwa chini, yakichagua pa kukanyaga kwa zile soli bapa.

Nilipotea kwa sababu ya kiburi kidogo. Tulipofika kwenye maporomoko, mwenzangu alitaka kukaa, nami nikasema nitatangulia kurudi langoni kwa kuwa njia nimekwisha kuiona. Msitu ule una vibao vyenye namba kwenye njia panda zake, nami nilikuwa nimevipita bila kuvisoma, nikikariri badala yake vitu nilivyodhani ni alama: mti ulioanguka, benchi, familia iliyokuwa ikila mkate. Nusu saa baadaye ule mti ulioanguka ulikuwa umekuwa miti sita, mabenchi yalikuwa kila upande, na ile familia ilikuwa imemaliza mkate wake na kuondoka. Nilipompigia simu mwenzangu hakuniuliza ninaona nini. Aliniuliza, "Uko namba ngapi?" Nikageuka, nikakiona kibao kiko nyuma ya bega langu, nikamsomea, naye akanitajia namba tatu za kuzifuata, nikafika langoni kabla yake. Tangu siku hiyo sipiti kibao cha njia bila kukisoma kwa sauti, hata nikiwa peke yangu, na watu wanaonipita wakidhani nina wazimu nawaacha wadhani.

Njiani kurudi mjini tulizungumza juu ya Wangari Maathai. Mimi nilikuwa msichana wa shule wakati habari zake ziliposomwa redioni, jinsi tarehe 8 Januari 1999 alivyokwenda kupanda mti kwenye lango la msitu huo, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wajenge, akapigwa na walinzi waliokodiwa mpaka akajeruhiwa kichwani. Kwetu Mombasa ilikuwa ni habari ya bara, ya msitu fulani. Hata baada ya msitu kuokolewa, wakazi wa Nairobi waliendelea kwa miaka kuuogopa kama pango la majambazi, hadi mwaka 2009 ilipoundwa jumuiya ya marafiki wa Karura iliyoshirikiana na Idara ya Misitu kuuzungushia ua wa umeme na kuajiri walinzi kutoka vijiji vya jirani. Ukipita huko leo ukakuta bibi na wajukuu wake wamekaa chini ya mti na birika la chai, ni vigumu kuamini kwamba si zamani sana mtu alikuwa akionywa asikaribie. Nilianza kwenda Karura kila Jumapili. Mgongo ulitulia kufikia mwezi wa tatu, na hapo ndipo nilipoharibu mambo.

Nilijiunga na kundi la matembezi. Silitaji jina, kwa sababu makundi ya namna hiyo ni mengi jijini na sidhani kwamba lile langu lilikuwa baya kuliko mengine. Lilikuwa na fulana, lilikuwa na picha ya pamoja kileleni, na lilikuwa na orodha ya milima iliyozunguka Nairobi, ambayo kila mwanachama alikuwa akiivuka kwa kalamu. Nami, mtu wa hesabu, nikipewa orodha siwezi kulala mpaka kila mstari uwe na alama yake. Kwa miezi mitano nilipanda milima mingi kuliko waliyoipanda jamaa zangu wote tangu enzi za babu, na nikiulizwa leo niliona nini, jibu la kweli ni kwamba niliona mkoba wa mtu aliyekuwa mbele yangu.

Kilimambogo, kwa mfano, ambao kwenye ramani huitwa Ol Donyo Sabuk, una mita 2,145 na njia ya kilomita 9 kutoka langoni hadi kileleni, na kwa kuwa nyati ni wengi huko, mtu haruhusiwi kutembea kwa miguu bila askari mwenye bunduki. Ubavuni mwake amezikwa McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Nilipita karibu na kaburi hilo bila kusimama, kwa sababu kiongozi alikuwa akitazama saa yake.

Kisha ukaja mlima wa Elephant Hill, upande wa kusini wa safu ya Nyandarua, ambao watu huuanzia Njabini. Huo si mlima wa kujaribia viatu. Kilele chake kiko kwenye mita 3,600 hivi, takribani mara mbili ya kimo cha jiji la Nairobi lenyewe, na kabla ya kufika huko ni lazima kupita ukanda wa mianzi ambako matope hufika kwenye vifundo vya miguu na thabai, yale majani yanayowasha, humngojea kila anayetaka kujishikiza. Tulikwenda mwishoni mwa Mei, mvua za masika zikiwa hazijaisha, jambo ambalo lilipaswa kunifikirisha. Tulikuwa watu thelathini na askari wa msitu mmoja. Kufikia saa tano askari na kiongozi walikuwa mbele na wale wenye miguu ya kuruka, na nyuma tukabaki wawili, mimi na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye tulikuwa tumejuana asubuhi hiyo ndani ya basi.

Juu ya mianzi kuna mahali ambapo wapandaji wamepabandika jina la kukatisha tamaa, na jina hilo ni haki yake, maana mtu akifika hapo akadhani amemaliza, ukungu hufunuka kidogo na kumwonyesha kwamba mlima wenyewe ndio kwanza unaanza. Kwetu sisi ukungu haukufunuka. Tulikaa hapo, tukala yai moja moja la kuchemsha, tukasikiliza kama tutasikia sauti za wenzetu, tusisikie kitu ila matone. Yule mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu anayewaita wanafunzi ndani baada ya kengele, "Mama, sisi tunashuka." Ilikuwa saa nane na robo. Nilikuwa na hamu ya kubisha, kwa ajili ya ile orodha, na namshukuru Mungu kwamba sikuwa na pumzi ya kubishia.

Kushuka kulituchukua muda mrefu kuliko tulivyopanda. Simu yangu, ambayo nilikuwa nimeitegemea kwa tochi, ilikuwa imekwisha moto kwa kupiga picha, na ya mwalimu ilibakiwa na asilimia kumi na moja. Giza lilitukuta ndani ya mianzi. Hapo tulijifunza, bila ya mtu kutufundisha, kwamba njia inayotumika huweza kupapaswa: mianzi ya kandokando ya njia ni laini kama mpini wa jembe kwa sababu mikono elfu imeishika, na ile ya nje ya njia ina vumbi la unyoya linalochoma viganja. Tulikuwa tunashika muanzi, tunapima, tunasogea. Tulitoka msituni saa mbili usiku na kulikuta basi likiwa na watu wote ndani, injini ikinguruma, maana wao walikuwa wameteremka kwa njia hiyohiyo wakatupita tulipokuwa tumejitenga kidogo kwa haja, na hakuna aliyehesabu. Kiongozi alituuliza swali moja: "Mlifika juu?"

Sikumjibu. Nilikuwa nikijaribu kufungua kamba za viatu kwa vidole visivyosikia.

Kutokana na usiku huo nina maswali mawili ambayo humuuliza yeyote anayetaka kunipeleka mlimani, na huyauliza kabla ya kutoa hata shilingi. La kwanza ni nani atakayetembea wa mwisho, kwa jina lake, si kwa kuambiwa kwamba tutakuwa pamoja. La pili ni saa ngapi tutageuka, tufike tusifike. Nimegundua kwamba swali la pili huwaudhi viongozi wengi, na wale ambao haliwaudhi ndio ambao nimekwenda nao tena.

Hata hivyo sikuacha orodha papo hapo. Mtu haachi mazoea kwa tukio moja. Iliyoniachisha ni Longonot, mwezi wa Agosti. Huo ni mlima wa volkano ulioko kwenye Bonde la Ufa, mwendo wa matatu ya kwenda Naivasha kwa njia ya Mai Mahiu, na hesabu zake hukaririwa na kila mpandaji wa Nairobi: kilomita 3.1 kutoka langoni hadi ukingoni mwa kreta, kilomita 7.2 kuizunguka, na 3.1 za kurudi, kilele kikiwa kwenye mita 2,776. Nilipanda vizuri, nikazunguka vizuri, nikajisifu. Wakati wa kushuka, zikiwa zimebaki kama dakika ishirini tufike langoni, nilikuwa nikizungumza kwa kugeuza shingo nyuma, na mguu wa kulia ukakanyaga vumbi la majivu lililolala juu ya jiwe laini. Vumbi hilo ni jepesi mithili ya unga wa sembe na halimshiki mtu. Niliangukia goti. Daktari aliniambia nisipande chochote kwa wiki sita, hata ngazi za nyumbani akanishauri nizipande kwa kituo.

Kwa wiki sita nilikaa kwenye roshani, mguu juu ya stuli, mbele yangu ile ngumi ya Ngong.

Nilikuwa nimeshaipanda Ngong na kundi, kwa muda wa saa tatu, na ilikuwa imekwisha kutiwa alama. Lakini nilipokuwa nimekaa pale nikaanza kuhesabu vile vifundo vinne na kukumbuka kwamba siku ile wenzangu walikuwa wakisema "vilima saba", nami nilivipita vyote saba bila kujiuliza vile vitatu vya ziada vilitoka wapi. Jambo hilo lilinikera kama hesabu za mwisho wa mwezi zinapokataa kulingana. Nilipopona nilimwambia mwenzangu wa ofisini kwamba sitaki tena milima mipya. Nataka mmoja huo, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa mwaka mzima. Akakubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayepika viazi vitamu.

Kutoka mjini mtu hupanda matatu namba 111 hadi mji wa Ngong, kisha bodaboda hadi lango la msitu, ambako malipo hufanywa kwa simu na si kwa noti, kwa hiyo anayekwenda akiwa na chaji kidogo ajihadhari mapema. Mgongo wa vilima huanzia hapo upande wa kaskazini na kuelekea kusini, kilima baada ya kilima, mpaka Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Kilele cha juu kabisa, Lamwia, ni mita 2,460. Kushoto kwa mwendaji kuna Nairobi yote, mabati na maghorofa, na kulia ardhi inaporomoka hadi kwenye Bonde la Ufa, kavu, yenye rangi ya ngozi ya simba. Sijapaona mahali pengine ambapo mtu hugeuza tu uso na kubadilisha nchi.

Mafumbo ya vilima saba yalifumbuka katika safari ya pili. Kutoka Lang'ata, vilima vitatu vidogo hujificha katika mabonde yaliyo kati ya vile vikubwa. Huonekana tu na miguu. Na hivyo vidogo ndivyo vinavyochosha, kwa kuwa mtu huwa hajavitarajia. Kilima cha nne, kwa hesabu yangu, kina mteremko mfupi mkali ambao ulinilazimisha kusimama mara tatu mwezi wa Oktoba, mara moja mwezi wa Januari, na mara nne mwezi wa Mei baada ya mfungo, nikajua kwamba kile ndicho kipimo changu na kwamba hakuna mashine ya daktari itakayonieleza zaidi.

Kwenye bonde baada ya kilima cha tatu nilikuwa nikimkuta mzee wa Kimaasai akichunga kondoo. Mara ya kwanza nilimwamkia shikamoo, kwa desturi ya kwetu, akacheka na kuitika kwa Kimaasai. Mara ya nne au ya tano alikuwa ameanza kutungojea, nadhani kwa sababu ya viazi. Alikuwa amevaa makubadhi ya mpira wa gurudumu, na alivitazama viatu vyangu vipya vya bei kali kama mtu anavyotazama gari lililokwama.

"Mama," aliniambia, "unashuka kama mtu anayekimbilia deni."

"Nishukeje, mzee?"

Akanionyesha. Alikunja magoti kidogo, akashuka kwa hatua fupi, kila unyayo ukitua mzima, fimbo ikitangulia mbele na si kando. Hakuna aliyewahi kunionyesha jambo hilo katika miezi yote ya kundi; huko tulifundishwa kupanda tu, kana kwamba mlima ukishapandwa humrudisha mtu wenyewe. Niliiga, kondoo wakinitazama. Siku nyingine aliniletea fimbo ya oloirien, mzeituni wa mwitu, nzito kuliko nilivyotaka, na hadi leo ninayo. Goti halijanisumbua tena. Nimeongeza na mambo mawili ya kwangu: kamba za viatu huzikaza upya kabla ya mteremko wa kwanza ili vidole visisukumwe mbele, na kucha za miguu huzikata Alhamisi, si Ijumaa usiku, kwa sababu ukucha uliokatwa jana bado una ukali.

Ni yeye pia aliyenieleza kwamba Ngong ni neno lililokatwa kutoka kwa jina refu la Kimaasai, Enkong'u Emuny. Emuny ni kifaru. Enkong'u ni jicho, na neno hilohilo ndilo la chemchemi, kwa hiyo jina lote humaanisha chemchemi ya kifaru, au jicho lake, kutegemea mtu amesimama wapi. Vifaru hawapo tena vilimani. Nyati wapo, kwenye msitu wa mteremko wa mashariki, na ndiyo sababu askari hushauri watu wasiukate mgongo wa vilima na kuteremkia vichakani, hata kama wanaona njia ya mkato kwa macho yao.

Upepo wa juu huko nilidhani ni mmoja, mpaka nilipokuwa nimeurudia mara kadhaa. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa kusi na kaskazi, na nilifurahi kama mtoto kugundua kwamba hata kwenye mita elfu mbili na zaidi, umbali wa safari ya usiku mzima kutoka baharini, pepo hizo bado zinatoka upande uleule. Karibu mwaka mzima upepo hunipiga shavu la kushoto nikienda kusini. Ila katika miezi ya kaskazi hutoka nyuma kidogo, na katika miezi ya kusi hunijia mbele na kunifanya nivae kofia ya sufu chini ya mtandio. Mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme imesimamishwa hapo kwa sababu hiyohiyo. Ya kwanza iliwekwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na sasa yote pamoja ina uwezo wa megawati 25.5. Watu wengi hulalamika juu ya kelele zake. Mimi nikifumba macho huisikia kama tanga la jahazi linapobishwa, lile pigo zito la kitambaa kikibadili upande, na kwa muda huwa niko Mombasa.

Adhuhuri huswali kwenye kilima cha tano, palipo na bapa la nyasi. Kutoka Nairobi kibla kiko kaskazini, kimeegemea mashariki kidogo tu, maana yake ni kwamba huelekea kule nilikoanzia matembezi, mbele yangu ile mitambo ikizunguka. Wapitaji hunyamaza wakipita. Mara moja mbwa wa yule mzee alikuja kulala mbele yangu, na mwenzangu akamvuta kwa kiazi.

Mwezi wa Julai tuligeuka turudi tulipofika kilima cha tatu. Mawingu ya kipupwe yalikuwa yamelala juu ya mgongo wa vilima, na kwa kuwa nilikuwa nimepita hapo mara tisa nilijua kwamba mbele kuna mahali ambapo njia hugawanyika na kijia cha kushoto huteremka kwenye msitu wa nyati. Kwenye jua hakuna anayekosea, lakini siku hiyo sikuweza kuziona hata ncha za viatu vya mwenzangu. Kijana mmoja aliyekuwa na kundi kubwa alituuliza kwa nini tunarudi ilhali bado ni saa nne. Nikamweleza kuhusu ile njia panda. Alinishukuru na kuendelea, nasi tukaketi langoni kwa askari tukiwahesabu waliorudi, mpaka tukawaona wote kumi na wanane. Sijui kama alielewa tulikuwa tunafanya nini hapo.

Mwezi wa Aprili ni wa udongo. Baada ya mvua, udongo mweusi wa bondeni hushikamana na soli mpaka kila kiatu kiwe na uzito wa pasi ya makaa, na hakuna kiatu cha dukani kinachouweza. Dawa ni kijiti cha kukwangulia na subira. Lakini ni mwezi huohuo ambapo leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu, hutoa harufu yake ya kafuri pindi mtu akikigusa kwa bega, na kondoo wa mzee hunuka harufu hiyo, na nguo zangu hubaki nayo mpaka Jumatatu ofisini.

Siku hizi wenzangu wa kazini huniuliza waanzie wapi. Anayetaka kwenda na watoto wadogo humwambia aende Arboretum, bustani ya miti ya mwaka 1907 iliyoko karibu kabisa na katikati ya jiji, hekta 30 tu, au Oloolua kule Karen, ambako kuna njia fupi kando ya mto Mbagathi, pango na maporomoko madogo. Mwenye miguu ya wastani humpeleka Karura na kumwambia asome vibao. Akinitajia Elephant Hill kwa sababu ameona picha, humuuliza nani atakayetembea wa mwisho.

Mwezi uliopita nilimchukua binti wa kaka yangu, aliyekuja kutoka Mombasa kuanza chuo. Alikuja na viatu vya kitambaa vyenye soli bapa. Nilimtazama miguuni, nikanyamaza, nikapunguza mwendo. Kwenye kilima cha nne alisimama mara tano akisingizia picha. Tulipofika Kona Baridi aliketi kwenye jiwe, akatoa mawe madogo viatuni, akahesabu kwa vidole akitazama tulikotoka.

"Shangazi, ni vinane."

"Ni saba."

"Kuna kile kidogo ulichokipita ukizungumza na yule mzee. Kile hukukihesabu."

Nilijaribu kukikumbuka, nikashindwa. Mwezi ujao tutaanzia upande huu wa Kona Baridi, na tutahesabu kwa sauti.